Mlango wa Gari Ulioshuka: Mwongozo Kamili wa Kuurudisha Mahali Pake

Unafunga mlango na unasikia milio miwili badala ya mmoja. Wa kwanza ni wa chuma kukwaruza chuma, wa pili ni wa kitasa kukamata. Ukiufungua, mlango unadondoka kidogo, kama mzigo uliotuliwa begani. Baada ya muda unaanza kuuinua kwa mkono kila unapoufunga, na unazoea. Siku anapopanda mgeni asiyejua siri hiyo, anaubamiza mara tatu ndipo ushike.

Tatizo hili linatibika, na kwa magari mengi ya zamani ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida. Hata hivyo, nimeona milango mingi iliyoharibiwa na matengenezo kuliko iliyoharibiwa na umri. Kosa linalojirudia ni kurekebisha pale mlango unapofungia, badala ya pale unaponing'inia. Kwenye nguzo ya kati ya bodi kuna chuma, ama pini nene au kipande kilichopinda kama herufi U, ambacho kitasa hukikamata. Nitakiita chuma cha nguzoni. Mlango ukishuka, fundi mwenye haraka hukilegeza chuma hicho na kukishusha kimfuate mlango. Mlango unafunga vizuri kwa miezi michache, bawaba zinaendelea kulika, na chuma kinashushwa tena.

Gari langu la kwanza nililinunua likiwa katika hali hiyo. Chuma cha nguzoni kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho wa nafasi yake, kona ya chini ya mlango ilikuwa imekwangua rangi ya kizingiti hadi kwenye bati, na kutu ilikuwa imeshaanza kula. Bawaba ya juu ilicheza kama jino bovu. Pini mbili na bushi nne, yaani vijibomba vya chuma laini ambamo pini huzunguka, zingemaliza tatizo lile miaka mingi kabla halijanifikia. Ndiyo maana katika mwongozo huu chuma cha nguzoni kinaguswa mwisho kabisa.

Kinachotokea ndani ya bawaba

Mlango wa mbele una kioo, mota au mkono wa kukizungushia, kitasa, spika, na mara nyingi chuma cha kukinga ubavu. Uzito wote huo unabebwa na bawaba mbili zilizo upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo bawaba hazibebi kwa namna moja: ya juu inavutwa kuelekea nyuma ya gari, kana kwamba mlango unataka kung'oka, na ya chini inasukumwa dhidi ya nguzo ya mbele, ile inayoshika bawaba. Ya juu ndiyo hulika zaidi.

Kila bawaba ina mabapa mawili, moja kwenye nguzo na jingine kwenye mlango, yaliyounganishwa kwa pini. Pini imekazwa kwenye bapa moja, na kwenye bapa la pili inazunguka ndani ya bushi, ambazo mara nyingi ni za shaba. Bushi zimetengenezwa laini kuliko pini makusudi, ili zilike zenyewe na kuiponya bawaba. Mlango unaofunguliwa mara 10 kwa siku unafikisha mara 73,000 ndani ya miaka 20. Kama katika muda wote huo haukuonja grisi, bushi huisha, kisha pini huanza kula chuma cha bawaba chenyewe.

Sasa tazama hesabu inayowashangaza wengi. Tuseme bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimita 40, na mlango una urefu wa sentimita 100. Ulegevu wa milimita 1 tu kwenye bawaba ya juu unashusha ncha ya nyuma ya mlango kwa milimita 2.5, kwa sababu urefu wa mlango ni mara mbili na nusu ya umbali kati ya bawaba. Ndiyo maana milango mirefu ya magari ya milango miwili huanza kusumbua mapema, na mlango wa dereva, unaofunguliwa mara nyingi zaidi, huutangulia ule wa abiria.

Uchakavu wa bushi si chanzo pekee. Bolti za bawaba zinaweza kuteleza kwenye matundu yake. Bapa linaweza kupinda baada ya mlango kupigwa na upepo mkali au kugongwa na gari jingine ukiwa wazi. Bati la nguzo au la mlango linaweza kupasuka kuzunguka bawaba. Na wakati mwingine mlango hauna kosa lolote: bodi nzima imelegea kwa sababu vizingiti vimeliwa na kutu. Kila chanzo kina dawa yake, kwa hiyo tusikimbilie spana.

Uchunguzi kabla ya kulegeza chochote

Lipeleke gari mahali palipo tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu. Funga milango yote, rudi nyuma hatua kadhaa, uangalie mstari wa bodi unaopita ubavuni. Mlango ulioshuka unaukata mstari huo: upande wa mbele unakaa sawa na fenda, upande wa nyuma uko chini. Kisha angalia mianya inayouzunguka mlango. Dalili ya kawaida ni mwanya wa mbele ulio mpana juu na mwembamba chini, na ule wa nyuma ulio mwembamba juu na mpana chini. Pima kwa rula ndogo au kwa vipande vya kadi ulivyovipanga pamoja, andika namba kwenye karatasi. Magari mengi ya abiria yana mianya ya milimita 4 hadi 6. Kikubwa zaidi ya namba ni mwanya uwe na upana uleule toka juu hadi chini. Pima pia mlango wa upande wa pili, maana huo ndio kielelezo chako.

Sasa fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma kwa chini, uinue na kuushusha taratibu bila kutumia nguvu nyingi. Mwenzako apige magoti mbele ya bawaba akiwa na tochi. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, na kinachoonekana hapo kinaamua kazi yote inayofuata:

- Mabapa yakicheza yenyewe kwa yenyewe, pini ikionekana kuyumba ndani ya tundu lake, bushi zimekwisha. Mlango usio na kasoro haupaswi kucheza hata kidogo kwa kipimo hiki.
- Bapa zima likisogea juu ya nguzo au juu ya mlango, bolti zimelegea.
- Bati lenyewe likipumua pamoja na bapa, kuna ufa au kutu. Tafuta mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka au doa la kutu pembeni mwa bawaba. Hapa usiendelee kwa spana, maana bati linahitaji kuchomelewa na mtu anayeijua kazi hiyo.
- Kusipocheza kitu chochote, na bado mlango uko chini, ama bolti ziliteleza zamani zikakazwa hapo, ama bapa limepinda.

Kagua bawaba ya juu na ya chini kila moja kwa zamu yake. Mara nyingi ya juu pekee ndiyo inayocheza, lakini ukishafungua kazi, badilisha bushi za zote mbili.

Kipimo cha tatu kinahusu bodi. Pima mianya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha weka jeki kwenye sehemu yake halali karibu na gurudumu la mbele, inua gurudumu liache ardhi, upime tena. Gari lenye bodi imara halibadiliki kiasi cha kuonekana kwa urahisi. Mwanya ukifunguka au kujifunga waziwazi, au mlango ukigoma kufunguka, chunguza vizingiti na sakafu kwa kubonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kama bisibisi inazama, achana na mlango kwanza. Kuunyoosha mlango ufuate bodi iliyolegea ni kazi bure, kwa sababu siku bodi itakapotengenezwa mlango utakuwa umepotoka.

Bado kuna milango ya aina mbili inayosingiziwa kushuka. Mlango ambao ni mgumu kufunga vioo vikiwa vimefungwa, lakini unafunga kwa ulaini kioo kimoja kikishushwa, unapambana na hewa iliyonaswa ndani, wala si bawaba. Na mlango uliokuwa mgumu tangu siku ulipowekewa raba mpya, mara nyingi unasumbuliwa na raba nene au isiyokaa vizuri kwenye ukingo wake.

Vifaa

Jeki ya kutambaa ndiyo bora, ingawa jeki ya kawaida pia inafaa ikiwa imara. Utahitaji kipande cha mbao na kitambaa kinene cha kuweka juu yake, soketi na spana, nyundo, panchi (kichuma kirefu cha kugongea pini itoke) yenye unene mdogo kidogo kuliko pini, koleo, tupa ya mviringo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, grisi, penseli au kalamu ya alama, na utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi. Miwani ya kukinga macho ni lazima, si pambo. Tafuta pia mwenzako wa kukusaidia. Mlango wa mbele ukiwa na kila kitu ndani yake unaweza kuzidi kilo 25, na hauna pa kushika vizuri.

Pini na bushi zinunuliwe kabla ya kufungua chochote. Baadhi ya magari, kwa mfano pikapu za Chevrolet za miaka ya 1990, yana seti zake kamili zinazopatikana kirahisi. Mengine bawaba huuzwa nzima tu. Kama hupati seti ya gari lako, mtu wa mashine ya kukereza anaweza kukuchongea bushi za shaba, ila itabidi umpelekee bawaba yenyewe, na hapo bolti ziwe zinafunguka.

Kuuandaa mlango

Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye pini na bolti zote za bawaba, mara mbili tatu. Usiku huo mmoja wa kusubiri unaokoa bolti nyingi.

Bandika utepe tabaka mbili kwenye ukingo wa nyuma wa fenda, kwenye ukingo wa mbele wa mlango na kwenye kizingiti. Fungua mlango kiasi cha kukuwezesha kufikia bawaba. Legeza kile kizuizi kilicho kati ya bawaba mbili kinachoufanya mlango usipitilize. Kwa kawaida kimeshikwa na bolti moja au pini kwenye nguzo. Chunguza mpira wenye nyaya unaotoka nguzoni kuingia mlangoni. Ukibadilisha pini moja baada ya nyingine huna haja ya kuchomoa nyaya, mradi zisivutwe. Ikibidi kuchomoa, tenganisha kwanza waya wa hasi wa betri, na kwenye gari lenye mifuko ya hewa ya ubavuni subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi yoyote ya nyaya.

Weka jeki chini ya mlango, karibu na katikati ya urefu wake, mbao na kitambaa juu. Pandisha hadi mbao iguse na ianze kubeba, basi. Ukipandisha zaidi utakuwa unaukunja mlango dhidi ya bawaba zake.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau: jeki imesimama ardhini, lakini bodi ya gari imekaa juu ya springi. Mtu akiingia ndani au akiegemea gari, bodi inashuka na mlango unabaki, na uzito wote unahamia kwenye bawaba moja iliyobaki. Mpaka kazi iishe, hakuna anayeingia garini.

Kubadilisha pini na bushi

Anza na bawaba ya chini. Mzigo wake unakusaidia badala ya kukupinga, na mkono wako utajifunza pale kabla ya kufika juu kwenye kazi yenyewe.

Kagua kwanza kama kuna springi kati ya mabapa. Baadhi ya magari, zikiwemo pikapu nyingi za Marekani, yana springi nene iliyobanwa hapo ili kuushikilia mlango ukiwa wazi. Ikichomoka inaruka kwa nguvu ya kuvunja vidole au kutoboa jicho. Tumia kifaa cha kubania springi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, vaa miwani, na funika kwa kitambaa kinene unapoitoa. Kama huna kifaa hicho, mwachie fundi sehemu hii. Sisemi hivi kukutisha. Ndiyo hatua pekee katika kazi nzima inayoweza kukujeruhi vibaya kwa sekunde moja.

Tazama pini imeingia kutoka upande gani. Upande wenye kichwa, chini ya kichwa hicho, huwa na meno madogo yanayong'ata bapa. Upande wa pili unaweza kuwa na klipu, na klipu hiyo itoke kwanza. Kwenye magari mengi pini ya juu na ya chini zimeingizwa kwa pande tofauti, kwa hiyo usidhani zote zinatoka kuelekea juu. Weka panchi kwenye mwisho usio na kichwa na ugonge kwa mapigo mafupi yaliyonyooka. Ikigoma, pandisha au shusha jeki nywele moja tu huku unagonga. Mara nyingi pini inakataa kwa sababu imebanwa na uzito wa mlango, si kwa sababu ya kutu, na utashangaa inavyochomoka mzigo unapokaa sawa.

Pini ikitoka, itazame. Pini iliyochakaa ina kiuno: sehemu iliyokuwa ndani ya bushi imekonda. Sogeza mlango kidogo ili mabapa yaachane, kisha gonga bushi kuu-kuu zitoke. Huenda usikute kitu cha kugonga, kwa sababu bushi ilikwisha kabisa na kumwagika ikiwa unga. Safisha tundu kwa brashi na tupa, uliangalie lilivyo. Tundu la mviringo litaibana bushi mpya. Tundu lililokuwa umbo la yai halitaibana, na hapa usijidanganye kwa gundi wala kwa kipande cha bati. Ama utafute bushi zenye unene mkubwa wa nje na utoboe tundu upya kwa kipimo chake, ama ubadilishe bawaba.

Bushi mpya isipigwe nyundo moja kwa moja, kwa kuwa shaba huvimba mdomoni na pini haitapita. Njia ninayoipenda ni bolti ndefu, nati na washa mbili: pitisha bolti kwenye bushi na kwenye tundu, kaza nati, na bushi inavutwa ndani taratibu ikiwa imenyooka. Bawaba ikiwa mezani, jiliwa linafanya kazi hiyohiyo. Bushi nyingi zina ukingo mpana upande mmoja. Ukingo huo unakaa pale mabapa yanapokutana, ili chuma kisisage chuma. Kwa hiyo kabla ya kutoa za zamani, angalia ukingo ulikuwa wapi.

Paka grisi ndani ya bushi na juu ya pini. Rudisha mabapa, pangilia matundu kwa kusogeza jeki, ukichungulia hadi uone mwanga ukipita moja kwa moja. Ingiza pini kwa mkono kadiri inavyokwenda. Ikiwa sawa, itafika karibu na meno yake bila nyundo. Malizia kwa nyundo hadi kichwa kikae, kisha rudisha klipu. Pini inayohitaji kipigo kikali mapema inakuambia matundu hayajalingana, na ukiendelea kuigonga utaipasua bushi mpya ambayo hata haijatumika.

Kisha rudia kazi hiyo juu. Kwenye bawaba ya juu mlango utataka kukimbilia nyuma mara pini itakapotoka, hivyo mwenzako aushike kwa kuusukuma kuelekea mbele ya gari.

Mara baada ya hapo, ondoa jeki na urudie kipimo cha kuinua ncha. Ulegevu unapaswa kuwa umetoweka. Funga mlango polepole sana, ukiangalia mianya kwa macho kabla chuma hakijagusana na chuma. Kwenye magari mengi kazi inaishia hapa, na mlango unarudi pale kiwanda kilipouweka.

Bawaba za bolti: kupanga mlango upya

Kama bushi ni nzima lakini mlango bado uko chini, na bawaba zimefungwa kwa bolti, basi unaupanga upya. Kanuni ya jumla ni kwamba bolti za upande wa nguzo zinausogeza mlango mbele na nyuma, juu na chini; bolti za upande wa mlango zinausogeza ndani na nje, na pia juu na chini. Lakini magari yanatofautiana, kwa hiyo angalia matundu makubwa yako upande upi kwenye lako.

Chora mzunguko wa kila bapa kwa penseli kabla ya kulegeza. Alama hiyo ndiyo njia yako ya kurudi ukipotea, na baadaye inakuonyesha umesogeza kiasi gani.

Wenye Toyota wajue jambo moja. Kiwandani milango yake mingi hufungwa kwa bolti zenye shingo inayojiweka yenyewe katikati ya tundu. Ukizilegeza na kuzikaza tena, mlango unarudi palepale, na watu hukata tamaa wakidhani bodi imepinda. Zibadilishe kwa bolti za kawaida za unene na uzi uleule, zenye nguvu ileile, pamoja na washa, ndipo nafasi ya kusogeza ipatikane.

Ili kuinua ncha ya nyuma, kwa kawaida huhitaji kuuinua mlango mzima. Unahitaji kuuzungusha. Usiguse bolti za bawaba ya chini. Legeza za bawaba ya juu kwenye nguzo, kiasi tu cha kuweza kuteleza. Hamishia jeki karibu na ncha ya nyuma ya mlango, pandisha taratibu, na bawaba ya juu itateleza kuelekea mbele. Pandisha ncha ipite pale unapotaka kwa milimita 1 hivi, kaza bolti, shusha jeki, uone ilipotulia. Songa kidogo kidogo. Mara zote tatu nilizokuwa na haraka na kazi hii niliirudia tangu mwanzo.

Kama mlango mzima uko chini kwa kiasi kilekile mbele na nyuma, hapo ndipo unalegeza bawaba zote mbili, lakini acha bolti moja kwenye kila bawaba ikiwa imeshika nusu.

Kuna magari ambayo bapa la nguzo limefungwa likitazama nyuma, halina nafasi ya kuteleza mbele wala nyuma. Hayo hupangwa kwa vipande vyembamba vya bati vinavyowekwa kati ya bapa na nguzo. Kipande cha milimita 1 nyuma ya bawaba ya chini kinausukuma upande wa chini wa mlango kuelekea nyuma, na ncha ya nyuma inapanda. Kama mtu aliwahi kuweka vipande nyuma ya bawaba ya juu, kuviondoa kunafanya kazi ileile.

Bolti ikigoma kabisa, usiivunje kwa hasira. Nati yake mara nyingi ni bamba linaloelea ndani ya nguzo, na likiachia kwenye kizimba chake utalazimika kutoboa bati ili kulifikia. Mafuta zaidi, muda zaidi, soketi ya pembe sita inayokaa vizuri kichwani. Ukitumia moto, kumbuka ndani ya nguzo kuna nyaya, sponji na lami za kuzuia maji, na zote zinashika moto.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti za milimita 8 za bawaba mara nyingi hukazwa karibu na Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30. Rangi iliyopasuka kuzunguka vichwa vya bolti ipakwe upya siku hiyohiyo, kwa sababu pale ndipo maji hutua.

Bawaba zilizochomelewa au zilizopinda

Bawaba iliyochomelewa haina nafasi ya kusogezwa. Ukishabadilisha bushi na mlango bado uko chini kwa milimita chache, mafundi wa bodi huipinda bawaba kidogo kwa nyenzo, au huweka kitu kigumu kati ya mabapa na kuusukuma mlango kama wa kufunga ili bapa lisogee. Njia hizo zinafanya kazi mikononi mwa mtu aliyezizoea. Mimi simshauri anayeanza azijaribu, kwa sababu bati la nguzo la gari lenye miaka 25 linaweza kukunjika kabla ya bawaba, na kosa hilo halirudi. Kuuinua mlango kwa jeki kwa nguvu bila kulegeza chochote ni hatari ileile kwa jina jingine, hasa bushi zikiwa bado zimekwisha: nguvu yote inaishia kwenye ulegevu, kisha ghafla kwenye bati.

Sasa, chuma cha nguzoni

Mianya ikishakaa sawa, rudi kwenye chuma cha nguzoni. Kama kiliwahi kushushwa, mlango sasa utakikuta kiko chini mno. Kichore alama, kisha legeza skrubu zake bila kuzitoa zote mbili kwa pamoja, maana nyuma yake huwa na bamba linaloweza kudondoka ndani ya nguzo. Zikiwa ngumu tumia ncha inayoingia kikamilifu na bisibisi ya kugongwa, kwa sababu kichwa cha skrubu kikishaliwa kazi ya dakika tano inakuwa ya alasiri nzima.

Kukipata mahali pake, pakaza grisi kidogo juu yake, funga mlango taratibu na ufungue. Alama iliyoachwa na kitasa inakuambia kila kitu. Alama juu ya chuma maana yake mlango unakipanda, kishushe kidogo. Alama chini, kipandishe. Mlango haupaswi kupanda wala kushuka hata kidogo unapokamatwa. Baada ya juu na chini, rekebisha ndani na nje: ubavu wa mlango ulingane na bati la nyuma yake, wala usijitokeze kukamata upepo.

Kitasa cha mlango kina hatua mbili za kukamata. Hakikisha unafika hatua ya pili bila kubamiza, kisha vuta mlango kwa nguvu kutoka nje. Mlango unaoishia hatua ya kwanza unaonekana umefungwa, lakini haujafungwa salama, na mtu aliye ndani anautegemea.

Raba ikaguliwe kwa karatasi. Fungia kipande cha karatasi mlangoni na ukivute, ukirudia kila baada ya sentimita 20 kuzunguka mlango wote. Panapoteleza bila kizuizi ndipo maji yatakapopita. Kioo kisicho na fremu kinahitaji kukaguliwa pekee, kwa kuwa mlango ukipanda milimita 3, nacho kimepanda, na huenda sasa kinagonga raba ya juu. Rudisha kizuizi cha mlango, fungua mlango hadi mwisho mara kadhaa, tazama nyaya zisivutike.

Baada ya wiki moja ya matumizi, gusa bolti zote kwa spana tena na upime mianya ukilinganisha na namba ulizoandika mwanzoni. Kuanzia hapo, kila unapobadilisha oili ya injini, futa bawaba kwa kitambaa na uzipe grisi au mafuta mazito, ukiuzungusha mlango ili yaingie kwenye bushi. Yale mafuta mepesi ya kulegeza kutu hayatoshi kwa kazi hii. Yanaosha grisi iliyokuwepo, kisha yanakauka na kuiacha shaba peke yake na chuma.